Njia Mbili katika Bomba Moja

Kabla ya lolote kutokea, hali ilikuwa hivi. Chuo chetu kipo nje kidogo ya mji wa Mtwara, upande wa barabara iendayo Mikindani, juu ya ardhi ya mchanga ambayo ukiichimba kidogo tu unakutana na jiwe la matumbawe. Majengo yanayohusika na habari hii ni mawili: jengo la utawala, lenye chumba cha mitambo, na jengo la maktaba, ambako intaneti iliingilia kupitia mnara mdogo uliosimikwa juu ya paa. Kati ya majengo hayo kulikuwa na uwanja mtupu wa hatua themanini na nne. Nilizihesabu mwenyewe, kwenda na kurudi.

Mimi nilikuwa mkuu wa kitengo cha mtandao na mwalimu wa somo hilohilo. Nilitoka nyanda za juu, nikasomeshwa na mapadri katika seminari ambamo tulijifunza Kilatini kwa miaka sita, na humo nilipata mazoea ya kupenda kitu kilichosawazishwa: sentensi yenye mabega mawili yanayolingana, ukurasa wenye kingo sawa, hoja inayojibiwa kwa hoja ya urefu uleule. Nayataja mazoea hayo kwa sababu yamo ndani ya kosa.

Mwaka huo chuo kilinunua vifaa viwili vya ulinzi wa mtandao, ambavyo ofisini tuliviita faiawoli. Kila kinachoingia kutoka nje, na kila kinachotoka, hupita humo kikakaguliwa kwanza, kama mzigo forodhani. Kifaa kimoja kingetosha kwa ukaguzi. Cha pili kilinunuliwa ili cha kwanza kikifa, hiki kishike zamu papo hapo bila mtu darasani kutambua. Lakini walinzi wawili hawana faida ikiwa wanafikiwa kwa njia moja. Kila kifaa kilikuwa na milango kadhaa ya kuchomekea nyaya, na kazi niliyopewa ilikuwa kupanga waya upi uingie mlango upi na uende wapi, hata kisiwepo kitu kimoja ambacho kikiharibika kitaondoka na njia zote.

Niliipanga kazi hiyo kwa wiki tano. Nyaya mbili za kwenda nje sikuzichomeka katika milango iliyofuatana, kwa sababu milango iliyofuatana hukaa juu ya kadi moja, na kadi ikiungua hufa pamoja. Nilichukua mlango mmoja kutoka kadi ya kwanza na mwingine kutoka kadi ya pili. Waya wa kwanza nikaupeleka swichi ya kushoto, wa pili swichi ya kulia, yaani visanduku vinavyogawa mtandao. Swichi ya kushoto ilipata umeme wa akiba kutoka betri yake, na ya kulia kutoka yake. Hata ule waya mfupi ambao vifaa viwili huutumia kuulizana kila mara kama mwenzake bado yu hai, niliuweka maradufu. Kisha nikachora. Mchoro ule ulikuwa mzuri. Ukiukunja katikati, upande mmoja ulilala juu ya mwenzake bila kuzidi wala kupungua, na sioni haya kukiri kwamba niliukunja mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Mtu wa kuutekeleza alikuwa fundi umeme wa chuo, Mmakonde wa kijiji kimoja karibu na mdomo wa Ruvuma, mwenye umri wa miaka arobaini na minne. Umri huo una uzito. Alikuwa amekitumikia chuo miaka sita kwa mikataba ya mwaka mmoja mmoja, na kwa kanuni zetu aliyetimiza arobaini na mitano haingii tena katika ajira ya kudumu. Mkewe alikuwa na ugonjwa wa sukari. Mwajiriwa wa kudumu hukatiwa bima ya afya, yeye na mwenzi wake. Wa mkataba hakatiwi. Mwaka ule ulikuwa nafasi yake ya mwisho, na chuoni kila mtu alijua, maana yeye mwenyewe alilifanya jambo hilo kuwa mzaha. Kila alipokwenda ofisi ya utumishi kubadilisha taa aliwaambia, "Nioeni basi kabla sijazeeka. Posa nimeleta mwaka wa sita huu."

Siku tuliyoanza kuchimba mtaro wa kupitishia nyaya hizo mbili za nje, kutoka utawala hadi maktaba, alisimama kwenye ukingo akiwa ameshika bomba jeusi la plastiki begani, akaniuliza:

"Mwalimu, nyaya zote mbili zinapita humu?"

"Humu. Bomba moja linazitosha."

"Na kwa nini ziko mbili?"

"Mmoja ukikatika, mwingine ubaki."

Aliutazama mtaro wangu, ambao ulikuwa mmoja, akacheka taratibu. "Kwetu Ruvuma, mtu na mwanawe hawavuki ntumbwi mmoja. Mzee anatangulia. Mtoto anangoja ng'ambo hii mpaka amwone baba yake kakanyaga mchanga. Kiboko akipindua, apindue mmoja. Akiwachukua wote, habari nani ataipeleka kwa mama?"

Niliipenda kauli ile. Nilitoa daftari ninalotembea nalo, nikaiandika yote, pamoja na ile *ntumbwi* kama alivyoitamka, nikaweka na maelezo mafupi pembeni kuhusu desturi za wavukaji wa mtoni. Vibarua wawili waliokuwa mtaroni waliacha kuchimba wakanitazama.

"Mwalimu unaandika," fundi alisema. "Unasikia lakini?"

"Nasikia, Fundi."

"Basi huu wa pili niupitishe upande wa jiko. Nazunguka nyuma, napanda juu ya paa la wapishi, nashukia maktaba. Nguzo zipo. Kesho jioni nimekukabidhi."

Nilimjibu kwamba jikoni kuna moshi na moto, na kwamba waya unaoning'inia angani haupendezi katika chuo. Hoja ya kwanza ilikuwa na ukweli kidogo. Ya pili haikuwa na wowote, kwani nyaya za umeme zilikuwa zikining'inia kila mahali. Sababu yenyewe sikuitamka: njia ya jikoni ilikuwa ndefu karibu mara mbili, na mchoro wangu usingekunjika tena. Na chini ya hiyo kulikuwa na nyingine, ambayo hata kujiambia mwenyewe sikupenda. Sikutaka kusahihishwa na mtu wa darasa la saba mbele ya vibarua.

"Haya," alisema. "Mwenye chombo ni wewe."

Kina kilichotakiwa kilikuwa sentimita sitini. Kwenye thelathini tulifika jiwe. Fundi aliomba siku tatu na tindo za kupasulia. Mimi nilikuwa nimemwahidi mkuu wa chuo kwamba Ijumaa ningekabidhi. Nikachukua nakala ya mchoro, nikaandika pembeni kwa mkono wangu, "Kina hiki kinatosha, fukia," nikatia sahihi na kumwonyesha. Aliisoma hadi mwisho, akainama, akaanza kurudisha mchanga.

Makabidhiano yalifana. Mkuu wa chuo, mtu mwenye haraka asiyependa kuelezwa mara mbili, alialikwa kuchomoa kwa mkono wake waya wowote anaoutaka ndani ya chumba cha mitambo. Alichomoa mmoja, kisha mwingine, kisha akazima kifaa kizima. Kule maktaba wanafunzi waliendelea na mambo yao. Alinipa mkono mbele ya wakuu wa vitengo. Fundi alikuwa amesimama mlangoni na bisibisi mfukoni, naye alipiga makofi.

Miezi minne ikapita. Mvua za kwanza zilipokaribia, chuo kilipata miche ya mikorosho kutoka kituo cha utafiti cha Naliendele, ikakubaliwa ipandwe safu moja uwanjani, ili baada ya miaka wanafunzi wapate kivuli. Mwalimu mmoja wa kilimo, ambaye sote tulimwita Bwana Shamba, alivuta kamba kutoka kona ya utawala hadi kona ya maktaba, kwa kuwa naye alikuwa mpenzi wa mstari ulionyooka, na kila hatua kumi na mbili akachomeka kijiti. Hakuna aliyemwambia kilichokuwa chini ya kamba yake. Mchoro ulikuwa ndani ya droo yangu, na juu ya ardhi sikuweka alama yoyote. Katika shimo la tatu sululu ilizama ndani ya bomba, ikazikata njia zote mbili kwa pigo moja.

Ilikuwa siku moja kabla ya mwisho wa kutuma matokeo ya wanafunzi kwa njia ya mtandao. Mkuu wa chuo aliniita akiwa amesimama.

"Kifaa kipi kimekufa?"

"Hakuna kilichokufa, Mkuu."

"Vyote viwili vizima?"

"Vizima."

"Na hizo swichi zako?"

"Nzima pia."

"Sasa, Mwalimu, kila kitu kizima, mtandao umekwenda wapi? Umepanda basi la Lindi?"

Nikamweleza juu ya sululu. Sikumweleza juu ya bomba moja. Alinisikiliza nusu, akasema anataka taarifa mezani kwake saa nane mchana, iseme nini kilitokea na nani alizembea.

Nilirudi ofisini, nikafunga mlango, nikakaa mbele ya karatasi. Dirisha langu lilitazama upande wa jiko. Nilipokuwa bado natafuta sentensi ya kwanza, nilisikia bati likilia, na nilipoinua macho nilimwona fundi juu ya paa, ana roli ya waya wa akiba begani, akitambaa kwa magoti ili bati lisibonyee. Hakuna aliyemtuma. Chini wapishi walikuwa wakimpigia kelele.

"Wewe Fundi! Ukitoboa bati, mvua ikinyesha wanafunzi watakula ugali wa kunywa!"

"Kunywa ni afya, dada! Nitakuja na kikombe changu!"

"Kikombe chako umekiacha kwa mkeo!"

"Basi niazime cha kwako, ila kioshe kwanza!"

Walicheka, yeye akaendelea kutambaa. Nami niliandika huku nikimsikia.

Taarifa ilikuwa na aya tatu. Aya ya kwanza ilieleza kwamba bomba lilitobolewa na sululu wakati wa kuchimba mashimo ya miche. Ya pili ilieleza kwamba bomba lilikutwa katika kina cha sentimita thelathini, ilhali kina kinachotakiwa ni sitini, na kwamba kazi ya kufukia ilifanywa na fundi wa chuo. Ya tatu ilieleza kwamba njia ya muda imepitishwa na huduma inatarajiwa kurejea siku ileile. Sikuandika uongo hata mmoja. Niliisoma mara tatu, kama nilivyofundishwa kusoma, nikitafuta neno lisilo la kweli, na sikuliona. Niliandika "njia ya muda" wakati ilikuwa njia aliyoipendekeza mtu yule miezi minne iliyopita. Niliandika "ilifanywa na fundi" na nikaacha kuandika ni nani aliyemwamuru afukie. Na jambo lililo kubwa kuliko yote, kwamba hata bomba lingelala mita mbili chini bado zilikuwa njia mbili ndani ya tundu moja, halikuwa na aya. Nakala ya mchoro yenye sahihi yangu niliirudisha ndani ya droo nikaifunga kwa ufunguo, jambo ambalo sikuwa na desturi ya kulifanya.

Saa saba na nusu mtandao ulirejea, kwa waya uliopita juu ya jiko. Saa nane nilimpelekea mkuu taarifa. Aliisoma akiwa amesimama vilevile.

"Kumbe ni fundi," alisema.

"Ardhi ile ina mawe, Mkuu," nilisema.

Huo ndio utetezi wote nilioutoa. Nimeurudia kichwani mara nyingi tangu siku hiyo, na kila mara unakuwa mfupi zaidi.

Wiki mbili baadaye ilikaa kamati ya ajira. Nilikuwamo, kama wakuu wengine wa vitengo. Jina la fundi lilipofikiwa, afisa utumishi alisoma ile aya ya pili ya taarifa yangu, yote, kwa sauti ya kawaida. Ilisikika vizuri, sentensi zake zilikuwa na mizani. Mjumbe mmoja aliuliza inakuwaje mtu anayefukia nusu ya kina apewe kazi ya kudumu. Mwenyekiti akanigeukia.

"Kitengo chako kinasemaje, Mwalimu?"

Nilikuwa na nafasi. Nadhani ilikuwa ya muda wa kuvuta pumzi mbili, na watu saba walikuwa wakingoja, na hakuna aliyenizuia.

"Kitengo kitakubaliana na uamuzi wa kamati," nilisema.

Fundi hakuwa ameitwa katika kikao kile. Mkataba wake ulikuwa unakwisha mwisho wa mwezi, na kamati iliamua kwamba usihuishwe.

Alikuja ofisini kwangu siku ya mwisho kurudisha funguo za chumba cha mitambo. Alivaa kanzu, kwa kuwa ilikuwa Ijumaa na alikuwa akipitia msikitini. Alizipanga funguo mezani moja moja, akitaja kila moja ni ya mlango gani, hata zile nilizozijua. Nilimwambia aketi. Alisema akiketi atachelewa.

"Mwalimu," alisema, "ile karatasi uliyoandika *kinatosha*, bado unayo?"

"Ninayo, Fundi."

"Haya. Itunze, isiloe." Alinitazama bila hasira, na ningependa kuwa alikuwa nayo. "Mimi nilipokuwa juu ya bati kule nilikuona dirishani unaandika. Nikasema moyoni, huyu Mwalimu haachi kitu, hata maneno yangu ya ntumbwi aliyaandika. Na hilo ataliandika."

Alinipa mkono, akaaga kwa salamu ya Kiislamu, nami nikamwitikia vibaya, maneno yakanitoka nyuma mbele.

Ningependa kusema kwamba siku hiyo hiyo niliinuka. Sikuinuka. Nilikaa siku kumi na tisa. Nilijiambia kwamba uamuzi umeshapita, kwamba kusahihisha taarifa iliyokwisha kupokelewa kuna utaratibu wake, kwamba mtu mwenye mikono kama yake hakosi kazi. Nilifundisha katika siku hizo somo la njia za akiba, nikachora ubaoni vifaa viwili na milango yake, na mwanafunzi mmoja wa kike wa mstari wa mbele akauliza, "Mwalimu, nje ya chumba nyaya hizi zinaendaje?" Nilimjibu kwamba hilo si sehemu ya somo. Jioni ile, nikiwa nyumbani, nilifungua daftari kutafuta jambo jingine nikakuta ukurasa wa mtumbwi. Mwandiko ulikuwa safi. Nilikuwa nimeandika desturi, matamshi, mahali, na hata hali ya hewa ya siku ile. Na chini yake nilikuwa nimeacha mstari mmoja mtupu kwa ajili ya maoni yangu, na mstari huo ulikuwa bado mtupu.

Asubuhi yake niliandika taarifa ya pili. Ilikuwa na ukurasa mmoja. Ilisema kwamba kupitisha njia zote mbili katika bomba moja kulikuwa uamuzi wangu. Kwamba fundi aliupinga kabla mtaro haujafukiwa na akaonyesha njia iliyo bora, ndiyo inayotumika sasa. Kwamba kina kilipunguzwa kwa amri yangu ya maandishi, ambayo nakala yake imeambatishwa. Na kwamba sikuweka alama juu ya ardhi. Nilifungua droo, nikaitoa karatasi, nikaenda.

Safari hii mkuu wa chuo aliketi. Alisoma taarifa, akaigeuza karatasi ya mchoro akasoma maneno ya pembeni, akaisoma tena taarifa.

"Hii hukuileta siku ile kwa nini?"

"Niliona aibu, Mkuu."

"Aibu ya nini? Watu wanakosea. Bomba ni bomba tu."

"Ya kuwa aliniambia."

Alimpigia simu afisa utumishi, akauliza tarehe ya kuzaliwa ya fundi, akasikiliza, akaweka simu chini.

"Ametimiza arobaini na mitano Jumatatu iliyopita," alisema. "Ungekuja kabla ya hapo, ningekuwa na la kufanya."

Nilichukua nakala ya taarifa ile nikaipeleka kwake fundi, mtaa wa Chuno, ambako alikuwa amepanga nyumba na mkewe. Nilimkuta barazani akichuna nyaya kuukuu ili atoe shaba. Niliisoma mbele yake kwa sauti, kwa kuwa niliona ndiyo adhabu niliyostahili, na mkewe akaja akasimama mlangoni akasikiliza. Nilipomaliza, fundi aliomba karatasi, akaitazama sahihi, akamkabidhi mkewe. Mkewe aliuliza, "Kwa hiyo watamrudisha?" Nikasema hapana, nikaeleza kanuni. Alinishukuru kwa kuja, akaingia ndani na ile karatasi, na hakutoka tena mpaka nilipoondoka.

Fundi hakurudishwa. Hufunga umeme katika nyumba mpya za Chuno anapopata kazi, na mkewe anatibiwa bila bima. Mimi nilipewa barua ya onyo, nikabaki na cheo changu. Waya wa kwanza ulirudishwa katika bomba jipya chini ya uwanja. Wa pili unapita juu ya paa la jiko hadi leo.